Watoto wa Soko la Mpakani

3 Machi

Mdogo wangu Mzee wa Tai Shingoni,

Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila magoti yangu hayana adabu.

Nasikia wewe ndiye utakayepeleka hesabu za nchi yenu kwenye mpango wa pamoja wa chanjo. Hongera! Sasa nisikilize. Watoto wa soko la mpakani wanalala huku kwetu, lakini mama zao huwaleta kliniki kwenu. Mimi, muuguzi wa upande huu, nimewatoa kwenye orodha yangu wasije wakahesabiwa mara mbili. Hakikisha kwako wamo. Pitia mwenyewe, mstari kwa mstari. Nakujua ulivyo.

Dada yako

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Sote wazima, na magoti pole.

Ondoa shaka, orodha nimeipitia yote, watoto wako wamo. Mpango umesainiwa jana. Mawaziri wote wawili wamepigwa picha, na mimi nipo nyuma yao, linaonekana sikio tu. Cheka basi!

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini ninyi ni wazima. Sisi si wazima. Surua imeingia sokoni. Watoto thelathini na wanane wanaugua, wawili tumewazika. Dozi zao hazikuletwa huku wala huko kwenu. Wakubwa wangu wameishika ile orodha, wanasema mimi ndiye niliyewafuta, na wamenisimamisha kazi. Niambie ukweli, ulipitia?

Dada yako

28 Julai

Dada,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Sikupitia. Hata ukurasa wa kwanza sikuufungua, wiki ile nilikuwa nahangaika na suti ya mkutano. Na kabla ya hapo mimi nami nilikuwa nimewatoa, nikidhani wanaolala kwenu ni wa kwenu. Wiki iliyopita, kwenye kikao cha nchi mbili, ilisomwa kwamba kosa ni la muuguzi wa upande wa pili. Nilikuwa kiti cha tatu. Niliinama nikajifanya naandika. Naona haya, dada, hata wanangu siwatazami usoni.

Nimeandika maelezo ya kukiri, nakala ni hii. Wanangu bado wanasoma, lakini ukisema nipeleke, napeleka.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Hata hilo nalo nikubebee? Usiniulize.

Dada

30 Septemba

Mdogo wangu,

Wifi ameniambia uliyapeleka yale maelezo, ukaachishwa kazi. Pole, na naisema kwa moyo. Mimi wamenirudisha, na aibu yangu ninayo: nililiamini neno lako bila kuomba kuiona orodha.

Jana tumechanja soko zima, wauguzi wa nchi zote mbili meza moja. Mmoja wa wale mama waliozika alikuja na mwanawe mwingine mgongoni. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyewasahau watoto wetu. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni ofisi. Nikasema ni mdogo wangu, wa tumbo moja.

Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, kisha akasema nikuulize kama unalijua jina la yule mwanawe aliyekufa. Mimi ninalijua, lakini sikuandikii. Njoo, atakutajia yeye mwenyewe.

Dada yako