Sigara Moja ya Jumanne

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi huku wazima, na ile randa mbovu ya karakana yetu ya useremala nimeitengeneza mwenyewe.

Kubwa ni hili: kaka yako sasa ni mtu wa utafiti. Nimejitolea kwa madaktari wanaochunguza namna watu wanavyoacha sigara. Wananipa plasta za nikotini nibandike begani, na kila Ijumaa napuliza kwenye mashine inayopima moshi, kisha muuguzi anaandika nimevuta ngapi. Wiki sita mfululizo, sufuri. Ananiita Profesa, na mafundi wenzangu nao wamelidaka jina.

Wiki ya saba nilivuta moja, Jumanne, siku baba alipotimiza mwaka kaburini. Ijumaa nikapuliza, moshi wa Jumanne ulikuwa umeshanitoka, mashine haikuona kitu. Muuguzi akashika kalamu. "Profesa, sufuri tena?"

Unakumbuka baba alipolazwa kwa kifua, akaniuliza kama nimeacha? Nilimwapia huku natafuna pipi ya mnanaa kuficha harufu. Wewe ulisimama mlangoni, ukweli unaujua, ukanisitiri. Alikufa ananiamini.

Nikasema, "Andika moja. Jumanne asubuhi, nyuma ya karakana."

Akaniangalia, akaandika. Akasema bila majibu kama hayo kazi yao yote ni bure. Nilitoka pale kifua mbele, mimi niliyeishia darasa la saba.

Ukinitangulia kwenda kulizuru kaburi la baba, mwambie ilikuwa moja, na nimeisema mwenyewe.

Kaka yako,
Profesa wa mbao