Mama wa Babu Hana Jina

Alhamisi. Hapa Mvara kumenyesha tangu asubuhi, nguo zangu bado ziko kwenye kamba na sina hamu ya kuzianua. Leo siamini kitu. Hata jua likitoka nitaliuliza limetumwa na nani.

Jumamosi watu wa Taban, mchumba wangu, wanatoka Koboko kuja kwetu kijijini Aroi kuanza mazungumzo ya mahari. Nami kwa miezi kadhaa nimekuwa naandika ukoo wetu kwenye kompyuta, kwa ombi la Baba Mdogo. Natumia maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ya data iliyounganishwa: kila mtu ni nukta, na kati ya nukta unaandika uhusiano, fulani ni mtoto wa fulani. Ukimaliza, unauliza nani anamgusa nani. Baba Mdogo anaitaka kwa sababu moja. Kwetu huolewi na damu yako, iwe ya baba au ya mama, na wazee wanaokumbuka wanapungua.

Juzi nikamwomba Taban orodha ya kwao. Nilimwambia ni ya kumbukumbu tu. Nilidanganya, nilitaka kuhakikisha.

Jana nikaziunganisha faili mbili, nikauliza kama kuna njia kati yangu na Taban.

Ipo.

Eti mama wa babu yangu na mama wa babu yake ni mtu mmoja.

Nilianza kumshuku Taban. Orodha yake ina majina ya wanaume na wake zao vizazi vitano, ila kwa huyo mama ameacha wazi. Mbona hapo tu? Kisha nikaona hata sisi tumeacha wazi pale pale. Nikaona aibu, nikahamia kuishuku maktaba.

Kumbe mkosaji ni mimi. Mtu asiye na jina, maktaba humpa alama ya muda inayofaa ndani ya faili moja tu. Mimi nikazihifadhi alama hizo kana kwamba ni za kudumu. Kila faili ilikuwa na alama yake ya b0, nami nikazimwaga pamoja. Wanawake wawili ambao hakuna aliyekumbuka majina yao, nikawafanya mmoja.

Leo asubuhi nikarekebisha mistari mitatu, nikauliza tena. Hakuna njia. Nilicheka peke yangu, nikachemsha chai, nikaimba.

Halafu hiyo furaha yenyewe ikanitia shaka. Jibu la kwanza lingenipendeza, ningetafuta kosa? Nisingetafuta. Najijua.

Nikampigia Baba Mdogo, nikamuuliza mama wa babu aliitwa nani.

"Jina yake mimi hapana jua," akasema. "Watu waliita yeye mama ya Drani tu, kwa jina ya babu yako. Lakini ule mama alitoka Koboko. Kule alikuwa na bwana ingine mbele ya kuja huku."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Koboko ni kubwa, najua. Wanawake wengi wametoka huko wakaolewa huku. Nimejiambia hivyo tangu mchana na haijanisaidia.

Nikamwambia Taban kila kitu kwenye simu. Alicheka kwanza, akasema kompyuta haikualikwa Jumamosi. Kisha akashusha sauti. "Wewe wacha kuuliza. Wazee wakisema iko sawa, iko sawa."

Nampenda. Pengine amechoka tu na maandalizi. Lakini mtu asiye na hofu angeniuliza Baba Mdogo amesema nini zaidi, naye hakuuliza.

Bibi yake Taban, mke wa babu yake, bado yu hai. Yule mama asiye na jina kwenye orodha ya Taban alikuwa mama mkwe wake, kwa hiyo anajua kama alizeekea pale nyumbani au aliondoka akaolewa kwingine. Kesho asubuhi nakwenda Koboko kumuuliza. Taban sijamwambia.

Faili inasema hatuhusiani, lakini ni mimi niliyeifanya iseme hivyo. Bibi akisema mama mkwe wake aliondoka akaja huku Aroi, itabidi nikae tena kwenye kiti hiki na kuwaunganisha wale wanawake wawili kwa mkono wangu mwenyewe.

Je, nitaandika?