Mgeni Tuliyemzika Sarandë

Mtaa wa Juu, nyuma ya shule ya zamani,
Sarandë, Albania.
21 Oktoba 2018.

Mpendwa Alketa, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi aliyekaa muda mrefu bila kushika kalamu. Hujambo wewe, na mumeo, na Noemi wetu? Huko Toronto baridi imeshaanza kubisha hodi? Sisi huku tu wazima kwa namna yetu. Goti langu la kushoto limegoma kupanda ngazi. Mume wangu Qazim anakohoa na bado anavuta sigara, ukimwambia aache anasema kikohozi ndicho kinachomfanya avute. Bibi yako Hatixhe ametimiza miaka tisini na mmoja. Meno yamebaki machache, maneno yote yapo.

Barua yako imefika salama. Umeniandikia kwamba Noemi amepewa kazi shuleni, aeleze nchi walikotoka babu zake: ardhi yake, watu wanaishi kwa kazi gani, nani anatawala, na yaliyopita. Unaniomba nimsaidie, kwa sababu wewe uliondoka hapa hujatimiza miaka minne, ukiwa mgongoni mwa mama yako Vera, na hukumbuki kitu ila harufu ya meli.

Nimeanza kumwandikia Noemi, nikachana karatasi. Nimeanza tena, nikachana tena. Kila nikianza na milima, naishia kwa baba yako. Basi nakuandikia wewe, na wewe umchujie mtoto yanayomfaa.

Mwambie nchi yetu ni milima kuliko kitu kingine chochote. Tambarare ni ukanda tu wa upande wa bahari, nao zamani ulikuwa kinamasi na mbu. Wa kaskazini wana theluji na visasi, sisi wa kusini tuna mizeituni, machungwa na upepo. Halafu kuna bahari, na hapa kwetu bahari ni nyembamba. Ukitoka uani unaiona Korfu, kisiwa cha Wagiriki, iko pale pale. Asubuhi unaona vioo vya magari yao vikimeta barabarani. Enzi zile haikufaa kuitazama sana. Mtu akisimama ufukweni kwa muda, jirani alimuuliza, "Vipi, umepoteza kitu huko?" Naye alirudi nyumbani haraka.

Kuhusu utawala, aandike kwamba leo tuna bunge Tirana, rais wa kukata utepe na waziri mkuu mwenye neno la mwisho. Tunapiga kura, tunatukanana kwenye televisheni, kisha tunalala. Kabla ya hapo Waturuki walitutawala karibu karne tano, akaja mfalme wetu wenyewe, wakaja Waitalia, wakaja Wajerumani. Mwisho kikaja Chama cha wakomunisti, kikakaa miaka arobaini na ushee. Chama kilifunga misikiti na makanisa, kikajaza nchi vibanda vya zege vya kujihami na adui. Adui hakuja. Kimoja kiko kwenye kiwanja chetu na bibi yako anafugia kuku. Kuku hawataki kutaga humo, sijui wanasikia nini.

Sasa baba yako. Najua hujawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kuanza.

Novruz alikuwa akifanya kazi kwenye michungwa ya matuta, ile iliyopandwa mlimani kwa mikono ya vijana wa nchi nzima. Alikuwa mcheshi, mwembamba, mrefu mpaka akiingia mlangoni anainamisha kichwa. Siku moja ya Septemba, mwaka 1986, baada ya chakula cha mchana, alimbusu mama yetu mkono bila sababu. Mama akamwambia, "Una homa wewe?" Akacheka, akatoka. Vera alikuwa na mimba changa yako, hata mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Jioni Novruz hakurudi. Walinzi wa mpaka walisikika wakipiga risasi kuelekea majini.

Kabla ya wiki kwisha lori lilikuja kutuchukua, kwa kuwa mtu akikimbia nchi waliobaki ndio walioadhibiwa. Tukapelekwa tambarare ya Lushnjë, shamba la serikali, vibanda vya mbao, tope mpaka magotini. Wewe ulizaliwa huko. Hatukuambiwa amekufa, hatukuambiwa amefika. Nilipomuuliza ofisa mmoja alinijibu, "Wewe mwenye kaka hujui, mimi nitajuaje?"

Tuliporudi Sarandë Chama kimekufa, mama alianza mambo yake. Kila jioni huweka taulo kavu kwenye kiti karibu na mlango. Kila alfajiri huamka na kupiga deki ukumbini. Mimi naona sakafu imekauka kabisa, yeye anakamua kitambaa. Ukimuuliza anasema, "Ameingia tena na maji yake, mtoto huyu hafundishiki." Anasema hivyo kwa sauti ya mama anayelalamikia viatu vichafu, ndiyo maana nywele zinanisimama.

Qazim alizoea kumtania. "Mama, huyo bado anaogelea tu? Mpaka sasa si angekuwa Amerika!"

"Nyamaza wewe," mama humjibu. "Wewe hata kwenye karai la kufulia utazama."

Nakuambia haya mchana, jua linawaka dirishani, na bado naandika huku nikitazama ukumbini. Mimi pia nimewahi kusikia. Si kila mara. Ni tone, halafu kimya, halafu tone, kama mtu amesimama anasubiri aambiwe akae.

Sasa uchumi, Noemi asiukose. Mwambie tuna kromi milimani, mafuta upande wa Fier, zeituni, machungwa, kome wa Butrint. Lakini zao letu kubwa ni watu. Tunawalea, tunawasomesha, halafu wanavuna wengine. Hapa pwani siku hizi biashara ni hoteli. Kila kilima kina winchi, kila ufuko una viti vya kukodi, na watoto wa wale waliozuiwa kutazama Korfu wanawauzia Wagiriki aiskrimu.

Hoteli ndizo zilizoleta habari yenyewe. Mwezi wa Mei walikuwa wakichimba msingi kwenye ule ufuko ulio chini ya kituo cha zamani cha walinzi. Tingatinga likaleta juu mifupa ya mtu. Alikuwa amefukiwa kifudifudi, bila sanduku, bila jiwe, futi chache chini ya mchanga wenye mawe.

Mji mzima ulikuja kutuambia, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza. Mama alikuwa akichambua mchicha wa kujaza byrek, ile sambusa yetu ya sinia. Akasikiliza wote, akamaliza mchicha, akanawa mikono, ndipo akasema, "Nileteeni koti."

Tukaenda polisi, wakamchukua mate mdomoni kwa kijiti, wakayapeleka Tirana yalinganishwe na mifupa. Tukasubiri majira yote ya joto. Katika muda huo mama hakupiga deki hata siku moja. Nilidhani nitafurahi, kumbe nyumba ikawa nzito zaidi, kama chumba ambacho watu wamenyamaza kwa sababu umeingia.

Septemba ikapigwa simu kutoka Tirana. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Akaniambia huyo ni kijana wa kiume, umri wa miaka ishirini hivi, mfupi wa kimo, na hana udugu na mama yangu. Alketa, mwanangu, sikujua kama nalia kwa huzuni au kwa nafuu.

Nikamwambia mama. Akauliza, "Na huyu, nani amekuja kumchukua?"

"Hakuna, mama. Hawajui ni wa nani."

"Basi mlete hapa."

Qazim akaruka. "Mama, tutamzikaje mtu wa watu? Tutamwita nani? Majirani watasema tumechanganyikiwa!"

"Na Novruz huko aliko," mama akamwambia, "kama amezikwa, kazikwa na nani? Si na watu wa watu? Unataka nao waseme huyu si wetu, mwacheni?"

Qazim akainua mikono, akatoka kwenda kuvuta sigara. Kesho yake nilimkuta makaburini anapima mahali kwa hatua.

Manispaa ilikubali kwa kuwa hakuna mwingine aliyeomba. Kukawa na tatizo la dini, hatukujua kama marehemu ni Mwislamu au Mkristo. Mama akasema, "Waiteni wote wawili. Mmoja atakosea, mwingine atapatia." Basi wakaja shehe wetu na kasisi wa Kiorthodoksi, wakasimama pande mbili za kaburi wakipeana zamu kwa adabu, kama watu wanaopishana mlangoni. Mimi nilipika haluwa ya matanga. Sanduku lilikuwa jepesi. Qazim alilibeba karibu peke yake, na uso wake sikuwahi kuuona vile.

Tulipoanza kufukia akaja Resmi. Humjui, ni mwuza samaki wa mtaa wa chini, mtu wa kaskazini aliyeletwa huku jeshini zamani, akaoa hapa. Miaka yote amekuwa akituachia samaki mlangoni, dagaa leo, kibua kesho, na akilazimishwa kupokea malipo anakimbia. Nilidhani ni ukarimu. Siku ile alisimama nje ya ukuta wa makaburi, kofia mkononi.

Mama ndiye aliyemwona. Akamwita, "Njoo hapa. Ulikuwa kituo kile?"

"Nilikuwa, bibi."

"Ulipiga?"

"Nilipiga. Tuliamriwa tupige palipotoka sauti ya maji. Kulikuwa giza. Sijui nilimpata nani, sijui kama nilimpata mtu." "Bibi, mimi silali. Nikifumba macho nasikia mtu anaogelea."

Nilimshika Qazim mkono kwa sababu nilijua anataka kufanya nini. Mama alimtazama Resmi kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Shika koleo."

Akafukia peke yake mpaka mwisho, mzee yule, jasho na machozi vikimtoka, na hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza mama akamwambia, "Sasa nenda kwako. Na samaki wako usiniletee tena." Sikuona msamaha usoni mwake, wala chuki sikuiona. Tangu siku hiyo hakuna samaki mlangoni.

Ulidhani nyumba itatulia? Asubuhi iliyofuata nilimsikia mama ukumbini na ndoo. Nikatoka, nikamkuta amesimama anatazama sakafu. Akaniambia taratibu, "Leo wamekuja wawili." Kiti kilikuwa na taulo mbili. Sikumuuliza ya pili aliiweka saa ngapi.

Nimebakisha jambo moja tu, nalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Juma lililopita alifika mwanamke kutoka Fier, mkongwe, kitambaa cheusi kichwani, ameletwa na basi la asubuhi. Anaitwa Bedrije. Alikuwa amesikia kwamba Sarandë wamezika kijana wa mpakani asiye na mwenyewe. Mtoto wake alipotea mwaka 1988, upande huu huu. Nilimkaribisha kahawa, nikamweleza habari ya Tirana: atoe mate kidogo tu, watamwambia kama ni wake.

Akatikisa kichwa. "Binti, wakiniambia siye, nitakwenda wapi tena? Mimi nataka mahali pa kukaa tu."

Tukampeleka makaburini, mimi na mama, mama akijikokota na fimbo yake. Bedrije akaketi chini kwenye udongo, akauweka mkono juu yake, akakaa hivyo. Upepo ulikuwa unatoka baharini. Baadaye akauliza bila kugeuka, "Nanyi mliiona mifupa. Alikuwa na kimo gani?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mama akanigusa goti kwa fimbo.

"Wako alikuwaje?" akamuuliza.

"Mrefu," akasema Bedrije. "Mrefu kuliko wote kwetu. Ilibidi ainame mlangoni."

Mama akatazama bahari. Nilijua anachokiona.

"Basi ndiye," akasema. "Huyu alikuwa mrefu mno. Ilibidi tuongeze urefu wa sanduku."

Bedrije akalala kifudifudi juu ya kaburi akaanza kumwita mtoto wake kwa jina, na mama yangu akaketi kando yake, akimpapasa mgongo mpaka basi la jioni.

Haya ndiyo ninayoyajua kuhusu nchi yetu, mwanangu. Mpe Noemi milima na machungwa.

Nisalimie mama yako Vera, mwambie sina kinyongo naye kwa kuolewa tena, wala Novruz asingekuwa nacho. Msalimie mumeo. Mbusu Noemi kwenye paji la uso kwa niaba ya bibi mkuu wake. Qazim anakusalimu, anasema umletee sigara za huko ukija, na mimi nasema usilete. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akujaalie kuwazika wakubwa wako na kuzikwa na watoto wako, kwa zamu yake, kila mtu mahali panapojulikana.

Ni mimi shangazi yako akupendaye siku zote,

Sanije