Debe la Bangi Linaloongezeka Uzito Mchana

Naulikot,
Bageshwar.
5 Septemba 2016

Mpendwa shemeji Lachham,

Pokea salamu nyingi kutoka mlimani. Kifua chako kinaendeleaje huko Muscat, na hizo baridi za mashine mnazolala nazo? Unakula vizuri? Maana wapishi wa hoteli nawajua, mnalisha watu mia mbili kisha mnalala na kipande cha mkate. Sisi tunaendelea. Kaka yako Diwan, mkono wake wa kulia bado umekufa ganzi kama ulivyouona, ila mguu sasa unamtii. Mimi goti linanilalamikia nikishuka bondeni, nikipanda linanyamaza. Nyumba zinazotoa moshi kijijini zimebaki tatu kati ya arobaini na mbili, na mojawapo ni ya Bachuli, jirani yetu wa juu, ambaye siku hizi anawasha moto hata akiwa hana cha kupika, ili ionekane yupo.

Simu yako nimeipiga mara kumi na tisa. Mara kumi na nane imezimwa. Mara moja alipokea mtu asiyejua lugha yetu, akasema neno moja, akakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Naanza na habari ya mmea, na usicheke. Mbegu za bangi za Ija, mama yenu, zile alizokuja nazo siku alipoolewa, zilizowalea nyote kwa chatne, zimebaki mche mmoja duniani. Shamba la chini limegeuzwa na nguruwe mwitu hakuna tuta lililosalia. Kwa hiyo mwezi wa nne nilipanda kifundo cha mwisho cha mbegu zake kwenye debe la mafuta uani, mahali ninapopaona. Ziliota saba. Nyani wakang'oa nne, mbili zikawa madume, zikamwaga vumbi lao na kunyauka. Likabaki jike moja. Likifa kabla mbegu hazijakomaa, basi. Hakuna duka linalouza mbegu za Ija.

Mwishoni mwa Julai majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Nikasema hii ni njaa, nikalowesha samadi ya zamani nikaupa mmea maji yake. Baada ya wiki ncha za majani zikaungua kahawia, kama karatasi iliyopita karibu na moto. Nikaona nimelisha kupita kiasi. Nikageuza jani moja moja kutafuta utitiri: hakuna. Vidukari: hakuna. Ukungu: hakuna. Lakini mmea mzima ulikuwa umeinamisha mikono, na majani yenyewe si malegevu, yamejaa, mazito, ukiyabonyeza yanakurudishia kidole. Hayo si majani ya kiu. Nikachimba pembeni kwa kijiko. Udongo ulinuka bwawa, na mizizi ilikuwa kahawia, inachubuka ngozi mkononi. Ulikuwa unazama.

Nami sikuwa nimeunywesha siku sita.

Mvua? Debe liko chini ya upenu, na nilikuwa nimeweka kopo tupu la maziwa kando yake kupima. Kopo lilikuwa kavu, na buibui ndani.

Unanijua. Nilikuja nyumba hii na sari mbili, na biashara ya dengu niliyonayo leo niliijenga kwa mizani, si kwa kuamini maneno ya watu. Nikalipandisha debe juu ya mizani. Saa kumi na mbili asubuhi kilo 12.1. Jioni kilo 13.9. Kesho yake nikamwaga maji, nikalirudisha kwenye uzito wake. Asubuhi 12.1, jioni 13.9. Siku tisa mfululizo, gramu elfu moja na mia nane, hazizidi wala hazipungui.

Kaka yako alinikuta na daftari.

"Khashti, unapima bangi kama mtoto wa kliniki? Umeshaichanja?"

"Wewe kaa hapo hapo na chai yako. Kuna mtu anaingia uani kwetu."

"Nani? Watu wote wako Delhi. Mwizi wa kumwaga maji atoke Delhi?"

Siku ya kumi sikwenda shambani. Nilimwita Bachuli tukakaa uani tangu saa tano asubuhi tukichambua dengu, debe mbele yetu, hatua tatu. Jua linawaka, hakuna jani linalotikisika. Bachuli alikuwa akimsema mkwe wake kama kawaida, halafu akanyamaza katikati ya neno. Nikamwangalia. Alikuwa anaangalia udongo wa debe. Umekuwa mweusi, umelowa, na maji yanachuruzika kwenye matundu ya chini.

"Umeona mtu?" nikamuuliza.

"Mimi sijapepesa macho, Khashti. Sijapepesa. Na bora nisione, nitake kuona nini mimi?"

Akabeba ungo wake akaondoka, dengu zangu zimo ndani. Hajazirudisha mpaka leo. Nikapima: 13.9. Ilikuwa saa sita na robo mchana.

Basi nikakumbuka kopo la shaba la Ija, alilokuwa akimwagilia mimea. Chumba chake nimekifunga tangu alipofariki mwezi wa pili, na ufunguo uko kiunoni mwangu. Nikafungua. Kopo liko kwenye msumari wake, na ndani lina unyevu. Nilipolijaza na kulipima lilibeba maji gramu mia tisa kamili. Mara mbili ya mia tisa, piga hesabu mwenyewe.

Siku iliyofuata nikaona vimea vinaota kwenye debe, vidogo, ambavyo sikupanda. Nikadhani magugu, kisha nikavitazama vizuri. Ufuta na shayiri. Nikang'oa mche mmoja wa ufuta, ganda la mbegu bado limeshika jani. Ganda jeusi.

Nilishuka kwa kuhani wetu, Pandit Revadhar. Alikuwa anakunywa chai, akanisikiliza nusu nusu, mpaka nilipotaja ufuta.

"Mweusi?"

"Mweusi, Panditji. Pamoja na shayiri."

Akaweka kikombe chini. "Hayo ni maji ya marehemu, huchanganywa na ufuta mweusi na shayiri. Adhuhuri, kopo moja kwa kila mmoja. Nyumbani kwenu nani anawapa?"

"Hakuna. Diwan hana mkono wa kulia wa kuyatolea. Mdogo wake yuko nje."

"Basi wamechoka kungoja, binti. Wanajipa wenyewe."

Niseme nisiseme, shemeji? Nitasema. Baba yenu alipofariki ulikuja siku mbili, ukasema maji yake utayatoa mwaka ujao. Umesema hivyo miaka minne. Ija alipofariki hukuja kabisa. Moto wa kuuchoma mwili wake uliwashwa na mpwa wa Bachuli, mtoto wa watu, nami ndiye niliyemwogesha, niliyembeba usiku na mchana miaka kumi na moja mlipokuwa mnatuma picha. Makopo mawili yale niliyaelewa bila Pandit kuhesabu. La baba yenu na la Ija.

Tangu hapo kila jioni, nikishapima, nalilaza debe juu ya jiwe, nachuja maji yote. Nimetoboa matundu mengine kumi na mawili. Najua ninachomwaga, na nimemwambia Ija kwa sauti, kule chumbani kwake: mbegu ni zako, ukizizamisha utakuwa umejizamisha mwenyewe. Yeye alikuwa mtu wa mbegu kwanza. Naamini ananisamehe. Mmea ulianza kupata nafuu, ukatoa majani mapya sita ya kijani safi.

Tarehe 24 Agosti nikapima jioni. Kilo 14.8.

Nikashuka, nikapanda, nikasawazisha mizani kwa jiwe la kilo tano. 14.8. Toa 12.1. Gramu elfu mbili na mia saba. Kesho yake hivyo hivyo, na kila siku tangu hiyo.

Makopo matatu, Lachham.

Nilikwenda kwanza kumtazama kaka yako. Alikuwa anamenya viazi kwa mkono mmoja na kutukana kisu. Nikampigia binti yetu Hema huko Almora, hajambo, anauliza kwa nini nalia. Nikawapigia ndugu zenu wa Haldwani wote wanane, nikampigia hata shangazi yenu asiyesikia, nikamfanya apige kelele kwenye simu ili niamini. Wa ukoo huu wanaopaswa kupewa maji na nyumba hii wakifa ni kumi na wawili. Kumi na mmoja nimesikia sauti zao kwa masikio yangu.

Kaka yako sijamwambia. Anadhani nakuandikia kuhusu paa.

Sasa sikiliza hesabu ya mwisho. Tangu siku ile nachuja elfu moja na mia nane tu. Zile mia tisa nyingine mkono wangu unakataa. Nalaza debe, nahesabu, nikifika hapo nalisimamisha, yaliyobaki yaondoke yenyewe polepole usiku. Siwezi kuyamwaga kwenye mawe kama maji ya kuoshea sufuria, wakati sijui ni ya nani. Mmea unalipa: majani matatu kwa siku yanageuka manjano, yamebaki sitini na moja. Hiyo ni siku ishirini. Mbegu bado mbichi, ukizibonyeza zinatoa maziwa, zinahitaji siku arobaini.

Siku kumi na sita za marehemu zinaanza tarehe 16 mwezi huu. Ukiweza kuja, njoo utoe maji ya wazazi wako kwa mkono wako. Usipoweza, sikulazimishi tena, nimechoka kulazimisha. Lakini niandikie. Usimtume mwenzako aandike, usinitumie picha. Mistari miwili tu kwa mwandiko wako mbaya ninaoujua, unaopanda juu kama njia ya mbuzi.

Diwan anakusalimu. Bachuli anakusalimu pamoja na dengu zangu. Hema anasema baba yake mdogo alimwahidi saa ya mkononi. Goluji, mungu wetu mwenye haki, akusimamie popote ulipolala, akupe pumzi ndefu.

Barua yako ikifika nitakutukana kwanza, nikupe majina yote niliyokuwekea. Kisha nitalilaza lile debe mpaka litoke tone la mwisho. Niandikie, shemeji, nipate kuyamwaga.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, ingawa hukunirahisishia,

Khashti