Kamba Ilitangulia Mkono

Mpendwa Baba mkwe,

Ningekuwa na adabu ningeanza na habari za mahindi na wajukuu. Lakini nina hasira, na wewe ulinizoea hivyo. Ulikuwa ukisema mke wa mwanao ana mdomo wa kuku mwenye vifaranga. Basi nivumilie, maana sasa huwezi kuinuka ukakimbilia zizini.

Wiki jana nilikuwa Kitale kwa yale mafunzo ya kila mwaka ya waganga wa mifugo. Siku mbili nzima tulikaa katika ukumbi wa hoteli tukitazama picha ukutani. Picha ya ng'ombe, picha ya ndama, kisha picha ya chupa ya dawa ya minyoo, na hiyo ndiyo iliyokaa ukutani muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mwenye dawa ndiye aliyelipia chai. Niliuliza, "Na ng'ombe mwenyewe tutamwona saa ngapi?" Watu wakacheka. Mkufunzi naye akacheka, akaendelea na picha.

Hapo nikakukumbuka. Nilikuja kwenu Naitiri na cheti kipya cha chuo na Simiyu angali mchanga mgongoni, na sikuwa nimewahi kuingiza mkono ndani ya ng'ombe anayezaa hata mara moja. Wewe serikali ilikuwa imekuachisha kazi ya udaktari wa mifugo, lakini watu bado walikuita Daktari na kukufuata mpaka kanisani. Ulitaka kunifundisha, ila ungeanzia wapi? Kwetu Wabukusu baba mkwe hagusi mkono wa mke wa mwanawe. Hata salamu tulipeana kwa mdomo, tukiwa mbali. Mwalimu mwingine angenishika mkono aniongoze. Wewe ulitafuta ndama aliyezaliwa mfu, ukamtia katika gunia, ukaliweka mlangoni mwa zizi, ukasimama ng'ambo ukiangalia pembeni.

"Ingiza mkono, Mama Simiyu. Usiniambie unafikiria nini. Niambie unashika nini."

"Mguu, Baba."

"Hata mimi najua ni mguu. Ya mbele ama ya nyuma?"

Nilikosea mpaka ndama akaanza kunuka, ukaenda kutafuta mwingine. Polepole vidole vyangu vikajua: kwa mguu wa mbele, kifundo na goti hukunjika upande mmoja, kwa mguu wa nyuma, viungo hivyo hupingana. Na lile somo ulilolirudia hadi nikachoka: fuata mguu mpaka kifuani, vuka kifua, shuka na mguu wa pili, ndipo ufunge. "Kamba ni ya mwisho," ulisema. "Mwenye haraka ndiye anafunga kwanza."

Sasa sikia. Siku ya pili kule Kitale simu yangu ilitetemeka mara tatu. Ile ya tatu nikatoka nje. Alikuwa Mama Naliaka, yule mjane wa njia ya Kamukuywa. Ng'ombe wake ni mmoja tu, na unamjua, ulimtoa wewe mwenyewe tumboni mwa mama yake.

"Daktari, ng'ombe yangu imerara chini tangu asubuhi. Miguu inaonekana mbili lakini mtoto haikuji. Wekesa amefika na kamba."

Wekesa ni mwenzangu katika chama cha ushirika cha maziwa. Ana vyeti kunishinda, na semina ya mwaka huu aliimaliza katika zamu ya kwanza. Nikamwomba Mama Naliaka ampe simu.

"Umefuata hiyo miguu mpaka kifuani?"

"Si ni miguu mbili ya mbele na kichwa katikati? Ata kwa slaidi ilikuwa hivyo. Usijali bana, malizia semina."

Ningeweza kuondoka saa ile ile. Lakini daftari la mahudhurio lilikuwa la kutiwa sahihi jioni, na chama kilishatuonya: asiye na cheti cha mwaka huu, kazi hana. Nikarudi kuketi. Nilirudi kuketi, Baba, na mandazi nikala.

Walikuwa mapacha. Wekesa alifunga mguu mmoja wa huyu na mmoja wa yule, wanaume sita wakavuta. Nilipofika kesho yake asubuhi, ng'ombe alikuwa amekufa na ndama wake wote wawili. Mama Naliaka hakunilaumu. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, akasema, "Leo ni turungi, Daktari. Maziwa hakuna."

Nina hasira na Wekesa. Nina hasira na mwenye dawa ya minyoo. Nina hasira na mwenyekiti wa chama, niliyemwomba siku moja tu ya kufundishana kwa gunia, akanijibu, "Madam, gunia haina cheti." Lakini Wekesa nimefanya naye kazi miaka minne. Miaka minne, na sikuwahi hata siku moja kumwita nyumbani nikamwambia ingiza mkono. Nilijiambia atajifunza kwenye semina, kama wengine.

Pale pale nilimwomba Mama Naliaka wale ndama kabla hawajazikwa. Akaniangalia sana, kisha akaleta gunia mwenyewe, nikawatia wote wawili. Wekesa, aliyekuja kusaidia kuzika, alinung'unika, "Ati mimi na diploma yangu nishike gunia?" Nikamwambia avue shati. Alikosea mara mbili. Nilitamani kumshika mkono nimwonyeshe, na hakuna mwiko wowote kati yetu. Lakini nilijikuta nimesimama ng'ambo, naangalia pembeni, nasema maneno yako. Mara ya tatu mkono wake ulikwenda polepole, ukafika kifuani, ukavuka, ukashuka, kisha ukasimama.

"Hii mguu si ya huyu," akasema.

Akaketi chini kwenye nyasi. Mama Naliaka aliyasikia maneno hayo akiwa na birika mkononi, akaingia ndani.

Cheti changu kimefika, Baba. Kina muhuri, na jina langu limeandikwa bila kosa. Mwenyekiti anataka nikibandike ofisini.

Hukuwahi kunishika mkono, na hata siku ya kukuzika nilisimama mbali, kama desturi inavyotaka. Lakini kila ndama niliyemtoa, nilimtoa kwa mkono ulioulea wewe. Siku ile Mama Naliaka aliponiita, mkono huo ulikuwa Kitale, umeshika mandazi.

Lala salama.

Mke wa mwanao,
Mama Simiyu