Kilwa Niliyoitafuna

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Zuhura, yule wa Tabora.

Nimeolewa. Natamani ningekuandikia hilo peke yake nikajaza karatasi nzima, maana furaha ninayo, Baba, imenijaa mpaka majirani wa hapa Ipuli wananicheka. Mume wangu anaitwa Rashidi, karani wa stesheni. Akitoka kazini huanza kuimba tangu kwenye kona ya msikiti ili nijue anakuja, nami huacha chungu motoni nikakimbilia mlangoni kana kwamba sijamwona mwaka mzima. Maji ya kisimani hunitekea yeye mwenyewe, mwanamume mzima na ndoo kichwani, wala haoni haya. Sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi na bado akaamka asubuhi akafagia uwanja kama kawaida.

Mwaka huu wamempa likizo na pasi ya treni ya watu wawili. "Chagua," aliniambia. "Tutakwenda na reli mpaka mwisho wake, kisha tutapanda meli." Nilikuwa nasukuma maandazi. Akatandaza unga ubaoni, akachora pwani yote kwa kidole, kisha akaokota karanga akazipanga baharini: Unguja, Mafia, Kilwa. Akasema kila karanga ina jua lake na magofu yake ya watu wa kale. Anajua mimi ni mtu wa magofu. Shuleni, kipindi cha historia kikiisha, mimi nilikuwa wa mwisho kufunga daftari.

Sikufikiri. Niliweka kidole Kilwa.

Unajua kwa nini. Ni ile sikukuu ya Idi uliponipakia mbele yako kwenye baiskeli tukaenda Kwihara. Nilivaa gauni la kijani alilonishonea Mama. Njia ilikuwa mchanga mtupu, ukawa unashuka na kuisukuma baiskeli, mimi nimekaa juu kama malkia. Tulipofika kwenye lile tembe la zamani la wenye misafara, kuta za udongo zilikuwa zimeliwa na mvua, mbuzi wamelala chumbani, nami nikasema hili ndilo jumba kubwa kuliko yote duniani. Ukacheka.

"Hili udongo tu, Zuhura. Babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, na huko akasikia habari za Kilwa. Jumba la mawe ya baharini, na ndani yake bwawa la kuogea la mfalme. Chini yake bahari, kijani kama gauni lako. Tutakwenda, wewe na mimi."

"Na Mama?"

"Na Mama, ehe. Asipokuwepo nani atatupikia?"

Kumbe mpishi alikuwa wewe. Alipokuja yule Mzungu aliyekwenda kuchunguza mambo ya kale pwani, akatafuta mtu wa kumpikia kambini, ulifunga sufuria zako ukasema utarudi kabla ya mvua. Zilikuja barua mbili kutoka Dar es Salaam. Baada ya hapo zilikuja mvua tu.

Mama hakusuka nywele. Mwiko huo unaujua kuliko mimi, ni wa kwenu: mke wa mpagazi hasuki nywele mpaka mzigo wa mumewe ushuke, asije akamfungia njia ya kurudi. Mama aliushika ingawa wewe hukubeba pembe, ulibeba sufuria. Wanawake wenzake sokoni walimwambia amekuwa na kichwa cha mwendawazimu. Akakifunika kwa kitambaa, akaendelea kuuza vitumbua, na ni vitumbua hivyo vilivyoninunulia sanduku la shule na viatu vyangu vya kwanza vya ngozi. Niliporudi likizo nilimwomba, "Mama, nikusuke angalau mistari miwili mbele." Alinipiga kofi mkononi. Halafu akaniomba radhi. Halafu akasema, "Subiri kidogo tu."

Siku ya ndoa yangu shehe aliuliza Athumani, baba wa binti, yuko wapi. Baba Mdogo Juma, aliyekaa mahali pako kuniozesha, aliinamisha kichwa. Akadakia Mzee Kondo, fundi cherehani, Mzaramo, mtani wetu: "Yuko baharini anajifunza kuogelea! Mnyamwezi akizoea mzigo kichwani, maji humpa tabu!" Nyumba nzima ilicheka. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria tuliyoachiwa na misafara, basi na mimi nyuma ya pazia, hina mikononi, nikacheka. Nilicheka vizuri, Baba. Sina zawadi yako nyingine ya harusi ya kukumbuka ila kicheko hicho.

Juzi tulikwenda kwa Mzee Kondo, Rashidi apimwe suruali ya safari. Mzee alikuwa amerudi siku zile zile kutoka kumwona binti yake aliyeolewa Kilwa, sisi hatukujua. Mama alikuwa nyuma yetu barabarani, amesimama kusalimiana na mtu.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba, wapagazi wangu. Suruali ya kwenda wapi hii?"

"Kilwa," Rashidi akajibu kwa maringo.

Mzee akaitundika futi shingoni, akacheka. "Basi mkamsalimie mateka wetu! Yuko Mnyamwezi mmoja kule kisiwani tumemshika. Kanzu nyeupe, bakora mkononi, anawatembeza Wazungu kwenye magofu. Ukimuuliza kwao, eti Lindi! Nikamwambia, Athumani, mbele yangu mimi mtani wako nawe utakuwa mtu wa Lindi? Akaniagizia kahawa ninyamaze. Ana mke huko, ana na kabinti, anakaita..."

Hapo akamwona Mama mlangoni. Akaivua ile futi shingoni.

"Anakaita nani?" Mama aliuliza.

"Shemeji, nilikuwa natania."

"Unatania, lakini husemi uongo. Anakaita nani, Kondo?"

"Zuhura."

Mama aliaga kwa adabu. Tulipofika nyumbani alitoa kigoda uani, akakaa kwenye jua, akafungua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimejaa mvi ambazo sikuwa nimeziona. "Nisuke," akasema. Nilimsuka mchana kutwa, vidole vikiniuma, naye ananiambia, "Vuta. Usiniogope, vuta." Hakulia. Nilipompa kioo alijigeuza huku na huku, akasema, "Kumbe bado nina shingo."

Baada ya hapo Rashidi alichora tena pwani kwenye unga, akapanga karanga zake. "Ukitaka twende kwa mkwe wangu, nitavaa kanzu na kumpigia magoti," aliniambia. "Usipotaka, mimi sina neno. Ila chagua wewe, nisije nikawa mwanamume wa pili kukuchagulia."

Nikajiona nimesimama nyuma ya Wazungu, nikikusikiliza ukieleza bwawa la mfalme kwa sauti ile ile ya Kwihara, na mtoto mwenye jina langu ameshika kanzu yako. Mtoto simchukii. Lakini nashindwa kujua ulimpa jina langu kwa kunikumbuka au kwa kuziba pengo. Usiku na mchana nimejaribu kuamini kwamba ni kwa kunikumbuka. Ningeweza kuja nikakuuliza. Na wewe ungenijibu vizuri, Baba, maana unasimulia vizuri, nami ningekuamini, nikarudi Tabora nimekuwa mtu wa kusubiri. Mama ameshasukwa. Sitamfumua.

Nikaichukua karanga ya Kilwa nikaitafuna.

Rashidi alinitazama, akatabasamu. "Basi bahari imebaki na visiwa viwili, mke wangu."

"Mafia," nikasema. Huko nako kuna mji wa kale uliobaki kuta, na jua halikuumbwa kwa ajili ya Kilwa peke yake.

Meli itakayotushusha Mafia itaendelea kusini hadi kwako. Barua hii nitampa baharia mmoja, nami nitasimama ufukweni na mume wangu mpaka meli iondoke. Nitakuwa karibu nawe kuliko nilivyowahi kuwa tangu uondoke. Nilitaka ujue hivyo, na ujue kwamba sikuja.

Huyo mdogo wangu mpakie kwenye baiskeli. Ila ukimwahidi kitu, mtimizie.

Kaa salama na magofu yako. Jina langu limeshapata mwenyewe huko, na mimi siwezi kugombea jina na mtoto. Nasaini kwa lile ambalo hujampa mwingine.

Mke wa Rashidi