Gari Lako Lilipata Arobaini Yake

Baba Hawa,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Nilipaswa kuandika tangu kabla ya mfungo, siku tuliyotoka hospitali na majibu ya mtoto, lakini kila nikikaa na kalamu Hawa anaamka, na akiamka anataka mikono yangu yote miwili. Halafu, niseme ukweli, nilikuwa nasubiri wewe uulize. Hukuuliza. Namba yako ya zamani haipatikani, ile mpya anayo mama yako peke yake, na mimi maneno yako yananifikia kupitia kwake, yameshapoa. Kwa hiyo barua hii atakuletea mjomba wako Issa, anapanda treni kesho kutwa. Sijaifunga kwa gundi. Nimemwambia aisome njiani, na akifika huko gerejini kwenu Dar awasomee na wenzako wakitaka, maana habari zenyewe ni za injini, na nyie mafundi habari za injini hamchoki kuzisikiliza.

Gari lako lipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeanza nalo wewe. Lipo hapo hapo uani Katubuka, chini ya turubai la bluu, na turubai nimelifunga kwa kamba za nyavu ili upepo wa ziwani usilivue. Kila Ijumaa naliwasha kama ulivyoagiza. Linaamka na kelele yake ile ile, tik tik tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye sufuria, likishapata moto linatulia. Hawa husimama kwa kushika tairi, akisema "gai, gai," kisha anakaa chini kupumzika. Mtoto wa umri wake kusimama tu anachoka kama bibi kizee. Hilo nalo nitalifikia.

Unakumbuka injini ile ilivyokuja? Ilishuka kwenye treni ndani ya sanduku la mbao, mpya, haijawahi kuonja mafuta. Bodi lilikuwa la mkono wa pili, limeshatumika na watu wengine, lakini injini ulisema ni ya sifuri, ya mbio, ina turbo, hapa Kigoma nzima hakuna gari litakaloigusa. Siku ulipoiwasha mara ya kwanza nilikuwa nimekuletea chakula pale gereji ya Mwanga, tumbo langu limeshashuka, nakaribia kujifungua. Ulichukua bisibisi yako ndefu, ncha ukaiweka kwenye chuma, mpini ukauweka sikioni. Ulifumba macho. Sijawahi kukuona umetulia namna ile hata ukiswali.

"Njoo usikie," ukaniambia. Nikainama na tumbo langu, ukaniwekea mpini sikioni kwa mkono wako uliokuwa unanuka oili na sabuni ya unga.

"Inagonga," nikasema.

"Nozeli hizo, zinarusha mafuta. Injini zote za kisasa zenye nguvu zinalia hivyo. Usiogope sauti ya kitu kipya, mke wangu. Ogopa ile inayobaki kikishapata moto. Hiyo ni chuma inakula chuma."

Nilikupenda sana siku ile, na siandiki hivi ili ufurahi. Naandika ili ujue kwamba nilikusikiliza, na nilichokisikia nilikiweka.

Ukanifundisha masharti yake yote, kama mkunga anavyomfundisha mzazi. Lisikanyagwe mafuta mpaka mwisho. Lisikimbizwe likiwa baridi. Lisibebe mzigo, na dagaa wasiingie humo kabisa. Lisiende mwendo mmoja kwa muda mrefu, lipandishwe kidogo, liachiwe, lipandishwe, liachiwe, ili ringi za pistoni zikae vizuri kwenye silinda. "Injini ikianza vibaya," ulisema, "basi tena. Itakula oili maisha yake yote."

Hawa akazaliwa masharti hayo yakiwa bado hayajaisha. Ulikuja kutuchukua hospitali na gari limeoshwa, linang'aa, na mimi nikaona fahari, sikatai. Kutoka pale hadi nyumbani si mbali, unakujua. Lakini ukasema tuzunguke kidogo lipate kilomita zake. Ukatupitisha Mwanga, ukashika barabara ya Ujiji, ukapandisha mwendo, ukaachia, ukapandisha, ukaachia. Nilikuwa kiti cha nyuma nimekalia upande mmoja, nyuzi zangu mbichi, mtoto kifuani. Kila ulipoachia mafuta mwili wangu ulijua kabla ya gari kujua. Bajaji zikatupita. Wa bodaboda mmoja akaja ubavuni kwetu, akapunguza, akakuchungulia.

"Fundi, hilo la mashindano au la kubebea maiti?"

Ukacheka mpaka ukapiga usukani. "Lina arobaini hili, kaka. Likitoka utanitafuta."

Hilo neno ulilisema wewe, Baba Hawa. Mimi sijakuwekea mdomoni.

Sasa nikuulize kuhusu arobaini yangu. Unajua kwetu na kwenu mzazi anakaaje. Hachoti maji, hainui sufuria, analetewa uji wenye pilipili manga na mchuzi wa samaki wa migebuka, anakandwa kwa maji ya moto, watu wanamzungumzisha taratibu. Mama yako alikuwa ameshafunga mzigo wake pale Kasingirima aje kunihudumia. Ukamwambia asubiri kwanza, chumba atakacholala kimejaa matairi. Alisubiri. Mimi sikuweza kusubiri, kwa sababu mtoto hasubiri na nepi hazijifui. Nilibeba ndoo damu bado inanitoka, na wewe ulikuwa barabarani asubuhi na jioni unalikamilishia gari kilomita. Nilipokuambia mgongo unakatika ukanitania: "Nyie Waha mna mgongo wa chuma bwana." Utani wetu wa siku zote, wewe mtu wa Ujiji na mimi Muha. Nilicheka. Nilizoea kucheka.

Na ile oili ya kwanza. Ulisema gari jipya oili yake ya kwanza inamwagwa mapema, inachujwa, inaangaliwa kama kuna vipande vya chuma. Ulitaka kitambaa cheupe kisicho na nyuzi nyuzi. Ukachukua nepi ya Hawa, katika zile mpya alizoleta shangazi yake. Nilikukuta umechuchumaa uani, umeitandika juani, unapitisha sumaku taratibu kama mtu anayechambua mchele wa harusi. Kulikuwa na vumbi dogo linameta. Ukaniita kwa furaha. "Ona, haya ni ya kawaida, ni uchafu wa kuzaliwa. Hakuna kipande. Iko salama." Nepi ile nimeitunza, haitakati. Hawa mwenyewe hakuna mtu aliyekuwa amemkagua hivyo, juani, kwa utulivu, tangu atoke tumboni.

Nilikuambia kuhusu kifua chake. Nilikuambia akinyonya anaacha, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso, ananyonya tena, anaacha. Nilikuambia nikimweka begani nasikia kitu kama maji yanapita mahali pembamba. Ulikuwa unakula. Hukuacha kula.

"Kitu kipya lazima kilie lie. Akipata moto atatulia."

Ukanirudishia maneno yako ya injini, na mimi nikayapokea, kwa sababu uliyasema kwa uhakika na sikio lako nililiamini kuliko langu.

Kisha ile Jumapili ya Bangwe. Ulikuwa unataka kumtumia yule fundi wa Dar sauti ya injini, asikie kama umeikamilisha vizuri, maana kwa sauti hiyo ndiyo angekupa kazi kwenye gereji yao ya magari ya mbio. Ukasema mjini kuna kelele, twende ufukweni. Ukaegesha karibu na maji, ukafungua boneti, simu yako ukanipa mimi nirekodi video nikiwa nimekaa kiti cha mbele, mlango wazi, Hawa ananyonya. Ukawa unakanyaga mafuta kidogo kidogo, na mimi simu nimeishika kwa mkono mmoja, inaelekea kwenye injini, inateleza inamwelekea mtoto, naiinua tena. Hawa akaanza kuhema ile hema yake. Nikambembeleza atulie, kwa Kiha, hora mwana wanje, hora.

"Mnyamazishe huyo," ukasema, "nataka isikike injini peke yake."

Ulipata kazi. Ulipanda treni wiki ile ile. Na uliposalimia kutoka huko, siku za mwanzo bado unapatikana, neno la kwanza lilikuwa "Umeiwasha?" Nilihesabu kimoyomoyo nione utafika kwa Hawa baada ya maneno mangapi. Siku nyingine salio lilikwisha kabla hujafika.

Sasa sikiliza yaliyotokea ukiwa huko. Zahanati walinipa dawa ya kikohozi, nikampa, ikaisha, hakuna kitu. Wakanipa nyingine. Nilikaa na mtoto mapajani nikakumbuka bisibisi yako. Nikaweka sikio kifuani kwake akiwa amelala, nikasikia. Nikaweka ameamka, anacheza, amechangamka, damu inakimbia, nikasikia vile vile, na zaidi. Nikajisemea, hii haitulii ikipata moto. Nikambeba mpaka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akaweka kipimo chake, akafumba macho kama wewe. Kisha akanitia vile vidude masikioni nisikie na mimi. "Unasikia hiyo inayovuma katikati?" Nikamwambia nimeisikia tangu ana wiki mbili, ila niliambiwa ni kawaida ya kitu kipya.

Hakuniuliza nani aliyeniambia. Alimpima mtoto kwa mashine. Moyo wa Hawa una tundu, Baba Hawa. Halijaziba lenyewe kama mengine yanavyoziba, na mapafu yanaanza kulemewa. Ameandikiwa kwenda Dar, mwezi ujao wanapokusanyika madaktari wa moyo wa watoto. Amesema tukikosa safari hii asiyejua atadhani tumekosa treni tu, lakini yeye hawezi kuniahidi Hawa atakuwa na nguvu ya kungojea nyingine. Alilisema taratibu, akiwa ameshika mguu wa mtoto.

Nauli, chumba cha kulala huko, dawa, chakula, na kukaa bila kushona kwa muda nisioujua, kwa sindano yangu ya cherehani siwezi. Nimepata mtu wa kununua gari, mwenye duka pale Mwanga. Alikuja uani, nikaliwasha, akakunja uso. "Mama Hawa, hii inagonga." Nikamwambia akae anywe chai, lipate moto. Likatulia. Akacheka, "Kumbe fundi ni wewe uliyebaki hapa." Analitaka. Ila kadi ina jina lako, na kadi unayo wewe.

Mama yako alipokufikishia habari ya mnunuzi, jibu ulilotuma ni hili, alinisomea mwenyewe, akashindwa kuniangalia: mwambie asiiguse gari yangu, haijamaliza kuzoea, akimpa mtu asiyejua ataiua.

Mtu asiyejua ataiua. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimefua nayo. Injini yako nimeitunza isife, kila Ijumaa, na mtoto wako mgongoni. Sasa nakuambia mimi, bila kupiga kelele, kwa sababu Hawa amelala: gari linauzwa. Ulilikalisha arobaini yake likakua. Zamu ya mtoto imefika.

Sikuombi urudi, na hela yako ya mfukoni sijaiomba. Sikulaani pia, baba wa mtoto halaaniwi, mtoto husikia. Salamu zako nitamfikishia Hawa siku utakapomtumia za kwake mwenyewe. Ukitaka kumwona, tutakuwa huko huko Dar, mjomba Issa atakuambia wodi gani.

Ninavyohitaji ni hivi, mpe mjomba mkononi, anarudi na treni ya wiki inayofuata. Kadi ya gari. Karatasi ya kuuza yenye sahihi yako, isainiwe mbele ya mwanasheria, usiniandikie kwenye ukurasa wa daftari. Ufunguo wa pili, mnunuzi anauulizia. Kadi ya bima ya Hawa, iliondoka ndani ya lile begi lako dogo jeusi, mfuko wa pembeni. Jibu la swali la daktari, kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyefariki mdogo kwa moyo, maana mama yako nikimuuliza anainuka kwenda kuangalia jikoni. Na ile video ya Bangwe. Daktari anataka kuona Hawa alivyokuwa ananyonya na kuhema siku zile za mwanzo, na hakuna picha yake nyingine ya wakati ule, ulipiga za gari tu. Itume kwenye simu ya mjomba, yote, kama ilivyo. Usikate pale injini inapofunikwa na mtoto.

Mama Hawa